Nani Anamjua Huyu?

Nchi ninayoisimulia haina rangi. Jambo hili limeandikwa katika ibara ya kwanza ya katiba yake, kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na chini yake pamepigwa muhuri mwekundu. Kwa hiyo msomaji asinilaumu nikisema kwamba huko kuna watu wa Kilimani, ambao ngozi zao zinafanana na uji wa mchele, na watu wa Bondeni, ambao ngozi zao zimekolea kama chai isiyotiwa maziwa. Mimi sikuyaona haya. Nimeambiwa tu, na aliyeniambia naye aliapa kwamba hakuyaona.

Kilimani kuna chuo kikuu, na chuo hicho kina mlango mmoja. Siku ya mtihani wa kuingia, bawabu humshika bega kila mtahiniwa na kuuliza kwa sauti: "Nani anamjua huyu?" Asipotokea mtu wa kujibu "Namjua mimi," mtahiniwa hurudi kwao, wala haruhusiwi kuja tena maisha yake yote. Desturi hii iliachwa na mwasisi wa chuo. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wapwa zake mwenyewe, akawa anawauliza hivyo kwa mzaha, nao wapwa wakicheka. Mwasisi alipofariki, mzaha ukawa sheria. Katika nchi ile lolote alilolifanya marehemu mkubwa ni sheria, na ndiyo maana hadi leo mawaziri hupiga chafya kabla ya kutia saini.

Watoto wa Kilimani hawakupata shida. Walikuwa na baba wa kuwajua, wajomba wa kuwajua, na marafiki wa wajomba. Kijana mmoja aliwahi kukosa ndugu asubuhi ile, lakini mbwa wa nyumbani kwao alimwona akatikisa mkia, na bawabu wa enzi hizo akaridhika. Watoto wa Bondeni nao walikuwa na baba na mama waliowajua vizuri sana. Ila ilielezwa, kwa upole, kwamba mzazi wa Bondeni akimjua mwanawe huo ni upendeleo. Mzazi wa Kilimani akimjua wake, hayo ni malezi bora.

Basi chuo kikawa cheupe pe. Samahani, nimeteleza. Chuo kikawa kilivyokuwa.

*

Bondeni alikuwapo msichana akiitwa Sikudhani. Alitaka kusoma uhandisi wa maji, kwa sababu tangu utoto alishangaa kwa nini katika nchi yao maji safi hupanda mlima na maji machafu hushuka bondeni. Walimu walimwambia hiyo ni kudura. Yeye akadhani ni mabomba.

Kaka yake, Bushiri, alikuwa hodari wa hesabu kuliko yeye. Mwaka wake wa mtihani alipanda Kilimani amevaa shati la kuazima, akashikwa bega, swali likaulizwa. Mama yao aliita kutoka nyuma ya uzio, "Namjua mimi, nimemzaa!" Watu wakacheka. Sasa Bushiri anapasua kokoto kando ya barabara ya kwenda chuoni. Jioni humsomesha dada yake, na akimaliza humwambia maneno yale yale: "Kichwa unacho. Tafuta wa kukujua."

Mambo yangeendelea hivyo kwa amani, kama si wageni wafadhili. Walitembezwa chuoni, wakanywa maji ya madafu, wakatazama wanafunzi darasani, kisha mmoja wao akauliza, "Mbona wote wako hivi?"

"Hivi vipi?" akauliza Mheshimiwa Zefania Mng'aro, Waziri wa Usawa.

"Hivi."

"Sisi hatuoni 'hivi', mgeni wetu mpendwa. Katiba imetukataza."

Wageni wakaandika jambo, wakafunga mikoba yao, wakasema watafikiria upya habari ya yale magari waliyoiahidi wizara. Kabla hawajafika uwanja wa ndege, redio ilikuwa imekwisha kutangaza Mpango wa Taifa wa Ulezi wa Wanafunzi Wasiojulikana. Kila mwanafunzi hodari wa Bondeni atapewa mlezi kutoka Kilimani. Mlezi atamlea, atamwongoza, atamwonyesha njia, na siku ya mtihani atasimama mlangoni aseme, "Namjua mimi."

Lilikuwa wazo zuri. Nasema kweli, sifanyi mzaha. Bushiri aliposikia aliweka nyundo chini.

*

Tatizo likawa moja: serikali isiyoona rangi itawatambuaje watoto wa rangi? Kamati iliundwa. Baada ya semina ndefu kwenye hoteli ya ufukweni, kamati ilikwenda kwenye duka la rangi za nyumba, ikachukua ile kadi yenye vipande vya rangi za kuchagulia ukuta. Maofisa waliteremka shuleni Bondeni wamevaa miwani myeusi ili wasivunje katiba, wakawa wanaweka kadi kwenye mkono wa kila mtoto.

"Huyu?"

"Udongo wa Masika. Apite."

"Na huyu?"

"Chungu cha Bibi. Ngoja, wingu limepita. Kahawa ya Asubuhi."

"Na huyu mrefu?"

"Tangawizi. Hajafika. Mwambie akae juani, arudi kesho."

Sikudhani alikuwa Kahawa ya Asubuhi, daraja la kwanza, na akapangiwa mlezi mkubwa kuliko wote: Mheshimiwa Mng'aro mwenyewe. Wanafunzi wote walifundishwa wimbo wa kushukuru, ambao wizara iliutunga kabla ya kuwa na cha kushukuriwa:

Mlezi ni taa yetu, gizani twamulikiwa,
Hatuna cha kwetu katu, hata ndoto twapangiwa,
Tulikuwa nusu watu, leo tumejaliziwa,
Twashukuru kulelewa, tutalelewa daima.

Vina vimekaa sawa, mizani imetimia. Sina la kulaumu.

Walezi nao walipewa mafunzo. Mtaalamu aliwafundisha kanuni kuu ya kazi yao: mlezi akimtazama mwanafunzi usoni, ataona ngozi, akiona ngozi, ataona rangi, akiona rangi, amekuwa mbaguzi, na pensheni yake iko hatarini. Kwa hiyo mlezi mwema humtazama mwanafunzi kiganja kimoja juu ya kichwa, pale penye hewa tupu. Walezi walifanya mazoezi kwa viango vya makoti, wakafaulu wote.

*

"Binti yangu," Mheshimiwa Mng'aro aliiambia hewa iliyo juu ya Sikudhani, siku ya kwanza alipompokea sebuleni kwake, "kuanzia leo mimi ni taa yako."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Nilikuwa na swali kuhusu mtihani wa—"

"Taa haiulizwi maswali, binti yangu. Taa inafuatwa. Hebu nishikie huu mwavuli."

Sikudhani akaushika.

"Usinione hivi ukadhani sijui taabu. Nilipokuwa na umri wako, baba yangu alininunulia gari akakataa kuniajiria dereva. Nikaendesha mwenyewe!" Akatoa leso. "Mwenyewe, binti yangu! Kwenye mvua!"

"Pole sana, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana watu wa Bondeni nawaelewa mno."

Ikawa hivyo kila wiki. Sikudhani alifundishwa kupeana mkono bila kubana, kucheka kabla kichekesho hakijaisha, na kukohoa kwa adabu. Alimsikiliza Mheshimiwa akijaribu hotuba zake mbele ya kioo, na kurudia kulia pale palipoandikwa "hapa lia". Akamjua kwa viatu vyake vyenye kisigino kilichofichwa ndani. Akamjua kwa hofu yake ya vyura, ambao waliwahi kumpandisha juu ya meza hotuba ikiwa mkononi. Ulezi ukichosha, Mheshimiwa alimpeleka chumba cha pili, akamketisha karibu na mwanawe Ludoviko, aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani ule ule.

"Hapa mtafanya Kujifunza kwa Kuona," alisema. "Wewe fanya hesabu. Yeye aone."

Ludoviko alikuwa kijana mpole, mwenye usingizi mwingi.

"Wewe Siku," aliuliza siku moja, "hii ukigawanya kwa nusu mbona unazidisha?"

"Mkate mmoja ukiukata nusu nusu, unapata vipande vingapi?"

"Viwili. Lakini njiwa hawali kipande kikubwa hivyo."

"Njiwa gani?"

Ludoviko akatazama mlango. "Wako darini. Usimwambie baba." Akatoa makombo mfukoni, akamwonyesha kama mtu anayeonyesha vito. Tangu siku hiyo alielewa hesabu zote za sehemu, mradi Sikudhani azieleze kwa mfano wa njiwa.

Huku Bondeni rafiki yake Chausiku, ambaye naye alikuwa na mlezi, alimngojea njia panda kila aliporudi.

"Haya, mlelewa! Leo umelelewa nini?"

"Nimeshika mwavuli."

"Mvua imenyesha Kilimani?"

"Hapana. Tulikuwa sebuleni."

Chausiku akacheka mpaka akakaa chini. "Afadhali wewe. Wangu kanifundisha kushuka ngazi. Kwani sisi huku tunaanguka?" Kisha akasimama, akajipangusa vumbi. "Lakini mwenzangu, siku ile atakujua?"

"Naenda kwake kila wiki."

"Sikukuuliza unakwenda wapi. Nimekuuliza, atakujua?"

Sikudhani akashika njia ya nyumbani. Kutoka barabarani ilisikika nyundo ya Bushiri ikipiga mawe.

*

Siku ya mtihani, uwanja wa chuo ulipambwa kwa mahema na vitambaa vya rangi zote, isipokuwa zile za kwenye kadi. Wageni wafadhili waliketishwa mbele. Walezi waliketi pembeni katika safu, kila mmoja na ua kifuani. Wanafunzi wa Bondeni na wa Kilimani walipangwa mstari mmoja, wamechanganywa, kwa kuwa kamera zilikuwapo. Wakaimba wimbo wa taa. Mheshimiwa Mng'aro akasimama.

"Waheshimiwa wageni," alisema, "tumetuhumiwa kwamba mlango wetu una ubaguzi. Leo naagiza sheria ya mwasisi ifuatwe yote, kwa watu wote, bila kuruka herufi! Wengi mmesahau kwamba mwasisi hakuuliza swali moja. Aliuliza mawili. La kwanza: 'Nani anamjua huyu?' La pili: 'Kwa lipi?' Swali la pili limelala muda mrefu. Leo naliamsha, ili dunia isikie jinsi walezi wetu wanavyowajua watoto hawa!"

Makofi yakalipuka. Hapo penye "hapa lia" akalia. Kisha akaketi, na zamu ikawa ya bawabu.

Bawabu mwenyewe aliitwa Nyundo. Alikuwa mtu asiyejua kutofautisha hotuba na amri. Ukimwambia "karibu siku yoyote", yeye huja. Basi aliyoyasikia akayashika kama yalivyo, akamshika bega wa kwanza mstarini. Akawa Ludoviko.

"Nani anamjua huyu?"

Mheshimiwa Mng'aro akacheka kidogo, kama mtu anayelipiwa chai. "Namjua mimi. Mwanangu."

"Kwa lipi?"

"Nimekwambia, ni mwanangu."

"Hilo linakuhusu wewe, Mheshimiwa. Nataka linalomhusu yeye, lisilo la mwingine."

"Ana... ana bidii."

Mstari mzima ukaguna. Hata Ludoviko mwenyewe aliguna.

"Anapenda masomo. Anapenda nchi yake. Anapenda—" Mheshimiwa aligeuka kumtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa akimtazama yeye. Kamera zilikuwa zinarekodi. "Bawabu, mpitishe kijana, tutaongea baadaye."

"Uliagiza bila kuruka herufi, Mheshimiwa. Asiyejulikana anarudi kwao, na harudi tena."

"Kwao ni hapa!"

"Basi hana safari ndefu."

Wageni waliinama mbele, kalamu mkononi. Ludoviko, ambaye hakuwahi kusema neno hadharani, akanyoosha kidole nyuma. "Baba, Siku ananijua."

"Nani?"

"Yule pale."

Mheshimiwa akaangalia upande ule, kiganja kimoja juu ya vichwa vya watu. "Binti yangu, popote ulipo, sema neno!"

"Wa Bondeni anaruhusiwa kumjua wa Kilimani?" bawabu akauliza. Hakuwa na kejeli. Alitaka kuelewa.

"Anaruhusiwa! Yeyote anaruhusiwa! Nimesema mimi, Waziri!"

Sikudhani akatoka mstarini. Angeweza kunyamaza. Chausiku alimvuta mkono akamnong'oneza, "Mwache arudi! Kaka yako nani alimsemea?" Naye Sikudhani akamwangalia Ludoviko, aliyekuwa anajikuna sikio la kushoto kama afanyavyo hesabu ikimshinda.

"Namjua mimi," alisema.

"Kwa lipi?"

"Anafuga njiwa darini, na kila mmoja ana jina. Mfukoni mwake sasa hivi kuna makombo ya mkate, maana njiwa mmoja amevunjika bawa na hawezi kungoja mpaka jioni."

Bawabu akaingiza mkono mfukoni mwa Ludoviko, akatoa makombo, akayainua juu watu wote wayaone.

"Anajulikana. Apite."

"Una njiwa?" Mheshimiwa aliuliza, lakini Ludoviko alikwisha kuingia.

*

Bawabu akamshika Sikudhani bega palepale aliposimama.

"Nani anamjua huyu?"

Mheshimiwa Mng'aro alikunja uso. Deni la shukrani linaudhi, hasa kwa mtu mkubwa. Hata hivyo wageni walikuwa wanamtazama, akasimama. "Namjua mimi. Ni mwanafunzi wangu."

"Kwa lipi?"

"Anatoka katika mazingira magumu."

"Mheshimiwa, nusu ya mstari inatoka huko."

"Ni mnyenyekevu. Ana shukrani. Ananipenda sana."

"Nimekuuliza habari zake, unanipa zako."

Walezi wote wakaanza kujikuna, maana kila mmoja alikuwa ameandaa maneno hayo hayo. Sikudhani alisimama na mkono wa bawabu begani. Aliona safu ya walezi, na macho yao yote yalikuwa yametua mahali ambapo yeye hayupo. Nyuma ya uzio alimwona Bushiri, nguo zake zimejaa vumbi la mawe. Bushiri alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Alijua kwamba ndugu akisema, watu watacheka.

"Mara ya mwisho," bawabu akasema. "Nani anamjua huyu?"

"Namjua mimi!"

Alikuwa Chausiku, mikono kiunoni.

"Kwa lipi?"

"Wee, nianzie wapi? Akishindwa bao anapindua ubao na kusema ni paka. Akisoma anajibana kidole cha mguu mlangoni ili asisinzie; muulize huo ukucha ulikokwenda! Na mwaka juzi alipanda juu ya bomba kuu la maji machafu kutoka Kilimani kulifuata liendako, akarudi ananuka siku mbili, akatuchorea ramani yake yote mchangani. Tulikuwa hatuna hamu naye, na bado anatueleza!"

Bawabu akatazama chini. Kweli kiatu cha wazi cha Sikudhani kilionyesha kidole kisicho na ukucha.

"Hapana!" akapaza sauti Mheshimiwa. "Wa Bondeni kumjua wa Bondeni? Huu ni upendeleo mtupu! Futa!"

"Nifute," bawabu akasema polepole, "sawa. Lakini Mheshimiwa, ulisema yeyote anaruhusiwa. Kama neno la Bondeni halifai, basi halikufaa na lile la kwanza. Nikamtoe kijana?"

Kutoka hemani mama yake Ludoviko akasimama, kofia ikamwanguka. "Zefania! Mwanangu akitolewa humo, usije nyumbani!"

Mheshimiwa akatazama wageni. Akatazama mlango. Akatoa sauti ile ya hotuba, ila safari hii ilitoka nyembamba:

"Serikali yangu haijawahi kutofautisha neno la mtu na mtu."

"Apite," akasema bawabu.

Sikudhani akaingia. Nyuma yake mstari ulivunjika kama kingo za mto. "Namjua huyu, anaogopa sindano!" "Namjua, anaimba akiwa anaoga, majirani tumehama!" "Namjua mimi, aliniibia mchumba, nimemsamehe, mpitishe!" Watoto wa Bondeni walijuana wote, wakapita wote, na waliobaki wa Kilimani wakaanza kuwashika mikono wa Bondeni na kuwaomba, "Ndugu, hata mimi sema jambo lolote." Wakasemewa. Walezi walibaki kwenye viti vyao, maua vifuani, wakipiga makofi kwa sababu kamera zilikuwa bado zinarekodi.

*

Taarifa ya wizara ya jioni ile ilisema kwamba mpango wa ulezi umefaulu kupita matarajio, na kwamba walezi ni mashujaa. Sina sababu ya kuikanusha.

Ila kabla ya mtihani kuanza palikuwa na jambo dogo ambalo taarifa haikulitaja. Ratiba ilimtaka Mheshimiwa Mng'aro aingie ukumbini na wageni, awatakie watahiniwa kheri. Alifika mlangoni, akanyoosha tai, akakuta mkono begani.

"Nani anamjua huyu?" akauliza bawabu Nyundo.

"Umechanganyikiwa? Mimi ni Waziri!"

"Kwa watu wote, Mheshimiwa. Bila kuruka herufi."

Mlezi mmoja akajitokeza. "Namjua mimi."

"Kwa lipi?"

"Ana bidii."

Akaitwa mkewe. Alifikiri, akafikiri tena, akasema, "Nipeni muda."

Sikudhani alikuwa ameketi kando ya dirisha, karibu kabisa na mlango. Alisikia kila neno. Alijua habari ya visigino, ya vyura na ya kioo; neno moja tu lingetosha. Nje bawabu akauliza mara ya mwisho, taratibu, kwa sauti ya kufika hadi ndani.

Kengele ikalia. Sikudhani akafungua karatasi, akaanza swali la kwanza.